Maswali Yenu kwa Wakili: Vepu, fegi na sheria, nani anafaa kushikwa?

Mwezi huu barua zenu karibu zote zimekuja na moshi. Tangu Seneta Catherine Mumma apeleke Seneti ule mswada wa 2024 wa kubadilisha sheria ya tumbaku, kila mtu ana lake, wazazi, walimu, wenye maduka, hadi wavutaji wenyewe. Siwezi kujibu zote kwa hivyo nimetoa chache ambazo naona zinabeba na maswali ya wengine. Na wewe uliyeniuliza vepu, hizi sigara za umeme, ya bei poa inapatikana wapi, barua yako nimeiona, jibu ni hapana.

SWALI: Wakili, habari ya kazi. Kijana wangu ako kidato cha pili, ana miaka 16. Alipokuja midtamu nikifua nguo zake nikapata kitu kama flashi ya kompyuta kwa mfuko wa trao, kinanukia maembe, mimi nikadhani ni pafyumu. Dadake ndiye alinieleza hiyo ni vepu. Nimemuuliza ananiambia ni mvuke tu wa fleva hauna kitu, na ati inaletwa na bodaboda unalipa kwa Mpesa, hakuna mtu anakuuliza una miaka mingapi. Jirani yangu naye anasema vepu Kenya haijakatazwa manake sheria ni ya sigara. Naogopa nikienda polisi watamshika mtoto, na shule ikijua watamfukuza. Nifanye nini?
Mama mwenye wasiwasi, Umoja, Nairobi

JIBU: Pole mama. Wacha nianze na jirani, manake maneno kama yake ndiyo yanafanya hii biashara iendelee vizuri.

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ni ya 2007 na ilianza kazi Julai 2008. Ni kweli haikutaja vepu, nani alikuwa anaziona hapa wakati huo? Lakini walioiandika hawakuishia kwa sigara. Waliandika bidhaa ya tumbaku, halafu wakaingiza na kile kinachokamuliwa kutoka kwa majani ya tumbaku. Sasa nikotini iliyo kwa vepu nyingi imetoka wapi kama si kwa hayo majani? Hoja kama hiyo si yangu peke yangu. Mwaka 2019 kampuni ya sigara ya BAT ilileta hapa vile vipakiti vya nikotini vinaitwa Lyft, unaweka chini ya mdomo, hakuna moshi hakuna harufu, mwalimu anafundisha mbele na mwanafunzi ako nacho mdomoni. Vilikuwa vimesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Oktoba 2020 Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akaandika kwamba usajili huo haukufuata sheria na kwamba hiyo ni bidhaa ya kuangaliwa chini ya sheria ya tumbaku, na vikatoka sokoni. Mwaka 2022 vikarudi, na siku hizi jina ni Velo.

Kwa hivyo kwa maoni yangu, yule aliyemuuzia mtoto wa miaka 16 vepu yenye nikotini tayari amevunja sheria tuliyo nayo leo, hatuhitaji kungoja mswada upite ndio tumwite mkosaji. Kumuuzia mtu hajafika miaka 18 bidhaa ya tumbaku ni kosa.

Shida ni mahali wanapojificha. Mmoja anakuambia hii haina nikotini, imeandikwa ziro, na wewe huna maabara ya kupima. Mwingine, huyu ni mjanja zaidi, anakuambia nikotini yake haikutoka kwa tumbaku, imetengenezwa kwa maabara. Marekani waliangukia shimo hilo hilo. Kuna vepu za kutupa zilizokuwa zinapendwa sana na watoto wa shule huko, Puff Bar, na mwaka 2021 zikaanza kuuzwa kwa hoja kwamba nikotini yake ni ya maabara kwa hivyo wakala wa dawa na chakula wa huko, FDA, hana mamlaka juu yake. Ikabidi Bunge lao libadilishe sheria Machi 2022 na kusema nikotini ni nikotini hata itoke wapi. Sisi bado hatujaziba, na hiyo ndiyo sababu mimi nataka mswada huu utaje vepu na hivyo vipakiti kwa jina, wazi wazi, hakimu asiachiwe kubahatisha.

Sasa mtoto. Mama, sheria ya tumbaku kwa habari ya watoto imemlenga anayeuza. Ukienda na ushahidi unaenda kama mzazi wa mtoto aliyeuziwa. Usiitupe hiyo kitu, najua mkono unawasha uitupe chooni. Weka na boksi lake kama liko, piga picha ya meseji ya Mpesa ionekane ile namba ya tili au jina, na kama aliagiza kwa wasapu au Insta piga picha ya ule ukurasa kabla haujafutwa, halafu umpelekee afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo yako, huyo ana nguvu za kuingia duka na kukagua, au uende kituo cha polisi. Nimesema afisa wa afya kwanza makusudi, manake ukianzia polisi bila karatasi utaambiwa nenda ukaongee na mtoto wako.

Shule ikijua, ina haki ya kumpa adhabu, siwezi kukudanganya. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kuchapa, na pia hairuhusu mwanafunzi afukuzwe kabisa hivi hivi bila utaratibu. Kumrudisha nyumbani wiki mbili ndio hiyo adhabu naona haina akili hata kidogo, unampatia mtoto aliyezoea nikotini wiki mbili nzima na simu na bodaboda.

Na hiyo hadithi ya mvuke tu, usiikubali. Ndani kuna nikotini, kuna vimiminika vya kutengeneza ule wingu, kuna kemikali za fleva, na ubongo wa kijana wa umri wake bado unajengwa mpaka karibu miaka 25 kwa hivyo unazoea nikotini haraka kuliko wako wewe. Utamjua kwa asubuhi. Akiamka anatafuta ile kitu kabla hata hajanawa uso, amezoea. Akiacha atakuwa mkali, hatalala vizuri, hatatulia kwa vitabu, siku za kwanza ndizo mbaya halafu inapungua polepole. Hapo mnahitaji mtu wa kuongea naye, namba ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192 na haikatwi pesa. Piga wewe kwanza, halafu umpe simu.

SWALI: Wakili, mimi niko na duka ndogo Kakamega, nauza unga, mafuta, airtaimu na fegi. Nauza moja moja kama kila mtu. Watu wa kaunti wakikuja wananitisha na kuchukua mia mbili mia tatu wanaenda. Juzi mmoja akaniambia kuuza moja moja ni kosa, nikacheka. Kweli ni kosa? Na kama mtoto ametumwa na babake namjua na babake namjua, pia ni kosa? Nikikataa mimi, duka la hapo karibu linauza.
Mwenye duka, Kakamega

JIBU: Ni kosa ndugu yangu, tangu hiyo sheria ianze. Sigara inafaa kuuzwa kwa pakiti ambayo haijafunguliwa, isiyopungua sigara 10. Ulicheka kwa sababu hakuna mtu umewahi kumwona akishtakiwa, na hapo sikulaumu, hata mimi nikipita barabarani naona zile pakiti zimefunguliwa juu ya meza ya peremende na kibiriti kimefungwa kwa kamba pembeni, mbele ya askari, na askari mwenyewe ananunua.

Lakini hebu tuangalie kwa nini iliandikwa hivyo. Mtoto wa shule hana pesa ya pakiti nzima. Ana kumi, ana ishirini, ile ya mandazi. Ukifungua pakiti umemshushia bei ikafika pale alipo. Kenya iliweka sahihi na kuidhinisha Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku siku moja, tarehe 25 Juni 2004, na Ibara ya 16 ya mkataba huo inazungumza juu ya mauzo kwa watoto na watoto kuuza, na humo humo ndimo inapozitaka nchi zijitahidi kukataza sigara za moja moja. Serikali nayo inaweka ushuru, tangu mwisho wa 2024 ni shilingi 4,100 kwa kila sigara 1,000, yaani shilingi nne na senti kumi kwa kila moja, na wazo ni kwamba bei ikipanda vijana wanaacha au hawaanzi. Sasa ile bei ikipanda kwa pakiti halafu wewe unaikata vipande ishirini, mtoto hasikii uchungu wowote. Utafiti uliofanywa mashuleni hapa Kenya 2013 ulikuta karibu mwanafunzi mmoja kati ya kumi wa miaka 13 hadi 15 anatumia tumbaku ya aina fulani. Hao hawakununua pakiti.

Kuhusu kutumwa na baba: umemjua mtoto, umemjua baba, na bado umemuuzia mtu hajafika 18. Sheria haina kifungu cha nimetumwa. Mwambie huyo mzee aje mwenyewe, miguu anayo. Najua ni mteja wako wa unga na ana deni kwa kitabu chako na hutaki akasirike, lakini kesi ikija jina lililo kwa hati ya mashtaka ni lako, yeye atakuwa nyumbani anavuta.

Hiyo mia mbili mia tatu sasa. Hapo ndipo mimi nakasirika kuliko wewe. Afisa akija kukukagua, kosa liko au haliko. Kama liko akuandikie, kama haliko aende. Muulize kitambulisho cha kazi na ni kifungu gani, na ukitoa pesa ujue hiyo ni hongo na wewe uliyetoa pia uko na kosa. Hao wa mia tatu ndio wamefanya sheria nzuri ya miaka hii yote iwe mradi wa watu wa chini, na mwenye gari linalokuja kukuletea katoni kila wiki hajawahi kuulizwa chochote.

SWALI: Asalaam alaikum Wakili. Mimi ni mwalimu huku Kisauni. Shisha tuliambiwa imepigwa marufuku 2017, tukawaambia watoto. Halafu mahakama ya Shanzu ikaachilia watu, na vijana sasa wanatucheka, wanasema mwalimu shisha iko huru. Tuseme nini darasani?
Mwalimu, Kisauni, Mombasa

JIBU: Waalaikum salaam, mwalimu. Kisa hiki kinaniuma kwa sababu kilikuwa kinaweza kuepukika kwa karatasi tu.

Desemba 2017 Waziri wa Afya Cleopa Mailu alitoa kanuni chini ya Sheria ya Afya ya Umma, shisha ikakatazwa kuingizwa, kuuzwa, kuvutwa, kutangazwa, kila kitu. Wafanyabiashara wakaenda Mahakama Kuu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu haikuvunja marufuku yenyewe lakini ikampa waziri miezi tisa arekebishe utaratibu, manake kanuni za waziri lazima zipelekwe bungeni. Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inasema ndani ya siku saba za vikao tangu zichapishwe, zisipopelekwa zinakufa. Miezi tisa ikapita. Mwaka ukapita. Hakuna aliyeshughulika, na polisi wakaendelea kuvamia vilabu usiku na kukusanya watoto wa watu, mpaka Januari 2024 hakimu wa Shanzu akaletewa kundi kubwa la walioshikwa na shisha akauliza swali la kawaida kabisa, hizi kanuni zilipita bungeni lini? Hazikuwa zimepita. Akawaachilia. Hakimu hakukosea, waliokosea ni wale waliokuwa na miaka sita ya kupeleka karatasi kutoka Afya House, makao ya Wizara ya Afya, mpaka bungeni, hata ukitembea kwa miguu unafika.

Darasani waambie hivi, na waambie yote, wakubwa wa miaka 15 wanaelewa. Shisha ya tumbaku ni bidhaa ya tumbaku. Hata ukizitoa hizo kanuni za 2017 kabisa mezani, sheria ya 2007 inabaki: haiuzwi kwa mtu hajafika 18, na kuvuta mahali pa umma kumekatazwa isipokuwa pale palipotengwa. Kwa hivyo yule kijana anayekucheka akiwa na miaka 16, aliyempa ile bomba amevunja sheria hata kama Shanzu waliachilia dunia nzima.

Na mwalimu, ukipata nafasi ongea nao juu ya makaa. Vijana wengi wanadhani maji yanasafisha moshi. Hayasafishi. Ule moshi unabeba nikotini na kemikali za tumbaku, na juu yake unaongezewa hewa ya sumu ya makaa, ile ile inayoua watu waliolala na jiko ndani, halafu kikao kimoja kinaenda saa nzima wakati sigara inaisha kwa dakika chache.

SWALI: Wakili niaje. Niko na miaka 24, Thika. Nilianza fegi nikiwa kidato cha tatu, nilikuwa namaliza pakiti kwa siku. Vepu ndio ilinitoa, saa hii mwaka wa pili sijagusa fegi. Sasa nasikia wanataka kutoa fleva zote. Si hii ni kutuadhibu sisi watu wazima juu ya watoto wa watu? Wazazi walee watoto wao.
Nimetoka kwa fegi, Thika

JIBU: Hongera kwanza, na sikudharau. Unachosema kiko na ushahidi. Uingereza huduma yao ya afya inawaambia wavutaji sigara wahamie vepu, na 2023 serikali yao ilitangaza mpango wa kuwapa wavutaji milioni moja vifaa vya kuanzia bure ili waache sigara. Tafiti zinaonyesha vepu yenye nikotini inasaidia watu kuacha sigara kuliko ile plasta ya nikotini ya kubandika na vitu kama hivyo. Ni kitu kwa mtu aliyekuwa anamaliza pakiti.

Lakini soma barua yako tena. Ulianza kidato cha tatu. Kwa hivyo wewe mwenyewe ndiye yule mtoto sheria ilimkosa, na aliyekuuzia sijui kama anakumbuka uso wako.

Na hao Waingereza wanaopeana vepu kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili wamepiga marufuku vepu za kutumia na kutupa tangu tarehe 1 Juni 2025, manake walikuwa wanaziokota kila mahali na watoto walikuwa wanazipenda kwa bei na kwa rangi. Unaona, hawakuchagua upande, waliangalia ni bidhaa gani iko mkononi mwa nani.

Kuhusu fleva, Marekani walijaribu nusu nusu na wakalia. Mwaka 2019 wanafunzi wa haiskuli huko 27.5 kwa mia walisema wamevuta vepu ndani ya mwezi uliopita, fikiria darasa la watu arobaini, kumi na mmoja. Desemba 2019 wakapandisha umri wa kununua kuwa 21 nchi nzima. Mapema 2020 wakazuia fleva za matunda na peremende kwa zile vepu za kubadilisha katriji, wakaacha za kutupa. Watoto wakahama wote wakaenda kwa za kutupa. Ni baada ya kufuata na hizo pia, na barua za onyo kwa maduka, na kuzuia makontena bandarini, ndio namba zikateremka, 2024 ilikuwa 7.8 kwa mia. Sisemi sheria peke yake ilifanya hivyo, kulikuwa na matangazo shuleni na korona pia ilikaa katikati. Nasema ukiacha mlango mmoja wazi wote wanapita hapo.

Kwa hivyo mimi maoni yangu, na najua utanikasirikia: fleva ya keki na babligamu iende. Mtu wa miaka 24 anayekimbia fegi anaweza kuishi na fleva ya tumbaku. Lakini nakuunga mkono kwa moja, vepu isifanywe ngumu kupata kuliko sigara yenyewe, itakuwa kichekesho mtu mzima anaenda dukani anakosa kile cha kumsaidia na anapata fegi moja moja kwa kumi. Hilo liandike. Katiba yetu kifungu cha 118 inalazimisha Bunge kusikiliza wananchi, unaandika maoni yako unatuma kwa karani wa Seneti, hawahitaji Kiingereza kikubwa. Kampuni hazikosi kuandika, ziko na mawakili wazuri. Zile kanuni za tumbaku za 2014 BAT walizipeleka mahakamani, wakashindwa Mahakama Kuu, wakashindwa Rufaa, wakaenda mpaka Mahakama ya Juu wakashindwa tena Novemba 2019. Walishindwa kote, lakini hesabu hiyo miaka. Mtoto aliyekuwa darasa la nne kesi ikianza alikuwa anamaliza darasa la nane ikiisha.

SWALI: Wakili, shikamoo. Huku Tanzania mbona hatusikii habari za mswada wa vepu? Huku Mwanza vijana wanavuta kweupe.
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba. Sheria yenu ya bidhaa za tumbaku ni ya 2003, na mwaka huo huo ndio mfamasia wa China anayeitwa Hon Lik alikuwa anaunda sigara ya umeme kule kwao, kwa hivyo hawangeweza kukutana. Umri wa miaka 18 mnao, mkataba wa kimataifa mliingia 2007. Kilichobaki ni kuileta sheria mpaka leo, na hapo kuna kigugumizi kinachoeleweka, Tanzania ni mkulima mkubwa wa tumbaku, ukienda Tabora, Urambo, Kaliua utaona kuna familia zinasomesha watoto kwa hilo jani. Lakini mkulima wa Urambo hapati chochote kwa kijana wa Mwanza kuvuta vepu ya kutoka China, hata senti, kwa hivyo hicho kisingizio kwa vepu hakifai kabisa. Andikeni kwa mbunge wenu.

SWALI: Wakili mimi naishi Leicester na familia. Mtoto wangu amezaliwa 2010. Nasikia hata akifika miaka 40 hataruhusiwa kuuziwa sigara. Ni kweli au ni maneno ya wasapu?
Baba, Leicester

JIBU: Safari hii wasapu imesema kweli. Mswada wa Uingereza wa Tumbaku na Vepu, uliopita Bunge la Makabwela, yaani lile la wabunge wa kuchaguliwa, Machi 2025, unasema aliyezaliwa tarehe 1 Januari 2009 na kuendelea asiuziwe sigara, milele. Wazo la kwanza lilikuwa la New Zealand, wakapitisha sheria Desemba 2022, serikali ikabadilika, mapema 2024 wakaifuta kabla haijauma mtu. Maldives wao wameanza, tangu Novemba 2025, kwa waliozaliwa 2007 na baadaye. Huko kwenu Uingereza kosa ni la anayeuza, mwanao hatashtakiwa kwa kuvuta. Kwetu sisi nisingependekeza hilo kwa sasa, hatujaweza hata kumlinda mtoto wa miaka 13 leo, tutauliza vipi mzee wa miaka 40 kitambulisho?

SWALI: Wakili haraka haraka. Nasafiri Kampala kwa basi kupitia Busia wiki ijayo, kuna beshte yangu ameniambia nimbebee vepu tano za kuuzia marafiki. Kuna shida?
Msafiri, Kisumu

JIBU: Kuna shida kubwa. Uganda sheria yao ya tumbaku ya 2015 ilitaja vepu kwa jina, wakazifungia kabisa, kuingiza, kutengeneza, kusambaza, kuuza. Shisha pia. Umri wao wa kuuziwa tumbaku ni 21. BAT Uganda walienda Mahakama ya Katiba kupinga sheria hiyo wakashindwa 2019. Beshte yako anakutafutia kesi mpakani na yeye atakuwa amekaa kwake anangoja. Mwambie begi limejaa.